Mafiga Uwanjani

Kila kikundi cha Garsen kinachotaka kitu kutoka kwa watu wa mbali hupita kwangu kwanza. Mimi ni mwalimu wa michezo, lakini kwa miaka mingi nimejulikana zaidi kama mwalimu anayeandika. Wamekuja wafugaji wa nyuki, wamekuja akina mama wa kusuka mikeka, wamekuja wazee wa kanisa waliotaka paa, na kila mmoja huketi kwenye kiti changu cha plastiki na kuniambia, "Wewe andika tu, mwalimu, unajua wanavyotaka." Ni kweli, najua. Wanataka ardhi iwe tupu, watu wawe na shida, na dawa ya shida iwe tayari mfukoni. Nimeandika neno "fursa" mara nyingi hadi nikilisikia redioni nashikwa na usingizi.

Kwa hivyo kamati ya uwanja wa michezo ilipoundwa, hakuna aliyeuliza katibu atakuwa nani. Waligeuka wote wakanitazama. Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimechoka kabla hata sijaanza, miguu imevimba kwa kusimama kutwa, na nyumbani rundo la madaftari linaningoja. Lakini mwenyekiti waliyemchagua siku hiyo alikuwa baba wa kipa wangu, na yeye alikuwa na sababu ambayo sikuweza kuikwepa.

Ni Muorma, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye siku hizi ana duka mjini la kamba, mabomba na dawa za mifugo. Binti yake alikuwa langoni katika timu yangu ya wasichana tangu alipoingia kidato cha kwanza. Msichana mrefu, mkimya, asiyeogopa mpira wala miguu ya watu. Baba hakuwahi kuniambia kwamba anapenda kumwona akicheza. Alikuwa anakuja na pikipiki yake, anasimama mbali, anaweka simu sikioni na kujifanya anazungumza na mtu wa Hola kuhusu bei ya mafahali. Simu hiyo ilikuwa inaanza mechi ikianza na kuisha mechi ikiisha.

Siku ile ya kamati alisubiri wengine waondoke, akaniambia, "Mwalimu, mimi nataka ukuta tu. Hiyo mambo ingine ya viti na taa, nyinyi mtajua. Watu yangu inaniambia, msichana mkubwa namna hii anabadilisha nguo kando ya barabara, lori inapita, turnboi inaangalia. Mimi nimewaambia ngojeni, ukuta inakuja. Wamenipa mpaka Ramadhani. Ikifika Ramadhani hakuna ukuta, mimi sina maneno ingine ya kuwaambia."

Nikamwuliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Yeye hasemi. Anafua hiyo glavu yake kila Ijumaa."

Hapo ndipo niliposhikwa. Mpango wa biashara niliouandika ulikuwa na sura nyingi na vichwa vya maneno makubwa, lakini kwangu ulikuwa na kitu kimoja tu ndani yake: vyumba viwili vya kubadilishia nguo, vya matofali, vyenye mlango unaofungwa kwa ndani, kabla ya Ramadhani.

Uwanja wenyewe uko kando ya lami, mahali wajenzi wa barabara walipokuwa wakiegesha mashine zao. Walimwaga kifusi, wakaweka changarawe juu, wakashindilia, wakamaliza kazi yao wakaenda. Walituachia kipande cha ardhi kilicho juu kuliko kila kitu kinachokizunguka, kikavu, sawa kama meza. Kule chini karibu na mto kuna uwanja mwingine, lakini huo ni wa wavulana, na ng'ombe, na baada ya mvua ni wa vyura. Wasichana wangu walikuja juu kwa sababu wazazi walikubali: hapa barabarani kila mtu anakuona, hakuna la kusingiziwa. Ajabu ni kwamba huko kuonekana ndiko kulikotuletea shida. Ikifika saa ya kuvaa bukta, wanne walikuwa wanashika leso kuzunguka, wa tano anavaa haraka haraka katikati, na upepo wa Garsen hauna adabu.

Fomu ya mpango ilitoka kwenye mfuko mmoja unaosaidia michezo mashinani. Ilikuwa ndefu. Tulikuwa tunakutana chumba cha nyuma cha duka la mwenyekiti, katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, mimi nikisoma swali, kamati ikijibu, mimi nikiandika jibu tofauti na walilosema. Swali moja liliuliza washindani wetu katika biashara hii ni akina nani. Mweka hazina wetu, mama mwenye hoteli karibu na stendi, akasema labda ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Andika mto," akasema. "Mto ikija, hakuna mtu atacheza mpira." Tukacheka. Sikuandika mto. Niliandika kwamba hakuna mshindani wa moja kwa moja katika eneo hili, sentensi ambayo nimewaandikia pia wafugaji wa nyuki.

Tulifika kwenye mapato. Mama wa hoteli alitaka harusi. Mwenyekiti alitaka mashindano ya madrasa na ya shule. Mimi nilitaka mikutano ya siasa, na walipe kabla hawajashika kipaza sauti. Halafu tukafika kwenye nyasi, maana fomu ilitaka uwanja wa nyasi, na mwenyekiti akasema nyasi ikiota pale kiangazi, ng'ombe wa kutoka Chewele mpaka Kipini watapata habari siku moja. Basi lazima uzio. Uzio ukaleta lango. Lango likaleta mlinzi, na mlinzi akaleta tiketi, na tiketi ndiyo iliyofanya jambo zima liitwe biashara. Kila njia niliyopita katika ile fomu ilinifikisha langoni. Bila lango hakuna mapato, bila mapato hakuna mradi, bila mradi hakuna ukuta.

Niliandika rasimu ya kwanza, kamati ikanirudishia. Niliandika ya pili, ikarudishwa kwa sababu majedwali hayakukaa kwenye kurasa. Ya tatu mwenyekiti alisema ina maneno mengi kuhusu wasichana na wazee watanuna, nikapunguza wasichana. Ya nne mama wa hoteli alisema wasichana hawaonekani, nikawarudisha. Nilikuwa naandika baada ya masomo, kwenye saiba ya mjini, kwenye kompyuta ya kukodi, umeme ukikatika na kurudi, kijana mwenye saiba akiniuliza kama nimehifadhi. Sijui kama kuna mtu amewahi kuchoka kwa ajili ya chumba cha kubadilishia nguo kama nilivyochoka mimi.

Katika rasimu ile ya mwisho kulikuwa na swali nililokuwa nimeliruka mara zote. Matumizi ya sasa ya ardhi. Palikuwa na mistari mitano ya kujaza. Nilitazama nje ya dirisha la saiba. Kiangazi, vumbi, mbuzi wawili kando ya lami. Niliandika "Hakuna", nikaweka nukta, nikahamia swali lililofuata.

Sasa lazima nieleze, kwa sababu mtu asiyetoka kwetu ataona jibu hilo ni sawa tu.

Mimi ni mtoto wa Idsowe. Mama yangu bado yuko kule, ana shamba lake la mahindi na ndizi karibu na maji, kama mama yake alivyokuwa. Mto ukifura, watu wa kwetu na wa vijiji jirani hupanda kwenye ule uwanja wa changarawe. Hakuna pengine. Hukaa pale wiki, wakati mwingine miezi, chini ya maturubai, mpaka maji yarudi mtoni. Na katika udongo wetu wa mtoni hakuna mawe. Unaweza kulima kutoka Idsowe hadi Kinakomba na jembe lako lisigonge kitu. Nyumbani mafiga ya jiko ni ya udongo wa kichuguu, yanapasuka, unatengeneza mengine. Lakini pale uwanjani wajenzi waliacha mawe, mawe ya kweli, na akina mama walipopanda mara ya kwanza kila mmoja alichagua matatu, akayapanga, akapikia. Maji yalipopungua wakarudi nyumbani wakayaacha mafiga yao pale pale. Mara ya pili kila mmoja alirudi kwenye mafiga yake. Ikawa ndiyo desturi. Mafiga yako yalipo ndipo turubai lako litakaposimama, na hakuna anayegusa ya mwenzake, hata kama umekaa miaka mitatu bila kuja. Nani yuko karibu na nani, nani yuko karibu na tangi la maji kwa sababu miguu yake imekufa ganzi, nani yuko mbali na nani kwa sababu waligombana tangu zamani: yote yameandikwa kwa mawe matatu matatu kuzunguka ukingo wa uwanja. Wasichana wangu walikuwa wanayaruka wakikimbilia mpira wa kona.

Nilijua haya yote. Nisijifanye sikujua. Mafiga ya mama yangu yako upande wa mashariki, jiwe moja lina mkwaruzo kama kucha.

Fomu ilitaka pia picha za eneo, nne, kutoka pembe zote. Nilienda na simu yangu nikapiga, nikazitazama. Ule uwanja ulionekana kama watu wamehama jana. Mawe meusi ya masizi kila mahali. Nikajiambia ni hatari kwa wachezaji pia, na hilo lilikuwa kweli, kipa wangu alishaumia goti juu ya mafiga ya mtu. Jumamosi baada ya mazoezi niliwaambia wasichana wayakusanye. Walifanya kazi hiyo kwa dakika chache, wakiimba, wakishindana nani atabeba makubwa. Mmoja wao, binti wa kijiji cha jirani na chetu, alisimama na jiwe mkononi akaniambia, "Ticha, hii si ya kina nyanya?"

Nikamwambia, "Tutayarudisha."

Tukayaweka yote rundo moja nyuma ya goli. Picha zilitoka nzuri sana.

Mpango ulitumwa. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nililala mchana, siku ya Jumapili, na sikuamka mpaka alasiri. Mwenyekiti alinipigia simu kuuliza kama wamejibu, akanipigia tena kesho yake. Baada ya wiki kadhaa wakajibu: wameupenda, maofisa watakuja kuona eneo kabla ya kupitisha. Mwenyekiti alisoma barua ile kwenye simu yangu mara mbili, midomo ikicheza, kisha akanirudishia simu, akaenda kupima kamba ya mteja. Alikosea kipimo, akapima tena.

Nilimpelekea mama habari Idsowe. Nilidhani atafurahi, maana ndiye aliyenishonea bukta yangu ya kwanza nilipokuwa nacheza netiboli. Alikuwa anapukuchua mahindi. Tulizungumza Kipokomo chetu, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Mtaweka uzio," akasema.

"Ndiyo, mama. Na lango."

"Na maji yakija?"

"Lango litafunguliwa."

Akaendelea kupukuchua. Baadaye akauliza, "Ufunguo atakaa nao nani?"

Nikamwambia hayo yatapangwa. Katika kurasa zote nilizoandika hakukuwa na ufunguo hata mmoja. Nilikunywa chai nikaondoka mapema. Sikumwambia kuhusu mawe, na nilijiambia nitayarudisha Jumamosi ijayo, halafu Jumamosi ikawa na mechi, na iliyofuata nilikuwa na homa.

Mto haukunisubiri nipone. Garsen hakukunyesha hata tone, jua lilikuwa lile lile, lakini mvua ilikuwa imenyesha kule juu milimani, na maji yalikuja asubuhi na mapema yakiwa mekundu, yakaingia mashambani bila kelele. Kufikia mchana watu walikuwa barabarani. Magodoro juu ya bodaboda, kuku waliofungwa miguu, masufuria, mzee mmoja kabebwa kwenye kiti. Nilitoka shuleni nikakimbia uwanjani, na naapa sikuwaza mafuriko. Niliwaza rundo.

Akina mama walikuwa wamelizunguka. Hakuna aliyepiga kelele, na ningependa wangepiga. Walikuwa wanainama, wanachukua jiwe, wanaligeuza, wanalirudisha. Waliokuja kwanza walikuwa wameshakata tamaa ya kutafuta na kujichukulia mawe yoyote, wakapiga maturubai pale palipoinuka, karibu na tangi. Huwezi kuwalaumu. Kila mtu ana watoto. Lakini kwa namna hiyo palipokuwa pa fulani pakawa pa mwingine, na huyo mwingine akija anakuta pake pamejaa, naye anasogea, na sauti zikaanza kupanda polepole katika lugha zote za mtoni.

Mama yangu alifika na jirani yake, mjane wa umri wake, yule mwenye miguu ya ganzi ambaye siku zote alikuwa karibu na tangi. Mama alilitazama lile rundo.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, mama."

Akanigeukia. Nina umri wa kuwa na wajukuu, na nilitamani ardhi ipasuke. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya picha."

Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa chini kabisa, kwenye ukingo wa mtaro, ambapo kifusi kimekwisha na udongo wetu unaanza, na maji yalikuwa tayari yanachungulia. Mjane alipelekwa pale. Mama alikuwa na wapwa waliomshikia mahali pazuri juu, lakini alichukua mkeka wake akashuka, akaenda kukaa na mwenzake. Nilishuka nyuma yake nimebeba ndoo mbili za maji, na katika wiki zilizofuata niliteremka na ndoo hizo asubuhi na jioni. Hakuna siku aliyonigombeza. Alikuwa ananiambia asante, kama unavyomwambia mtu wa msaada.

Maofisa walikuja siku ya kumi. Barabara ilikuwa imefunguka upande mmoja. Mwenyekiti alikuja kwangu kabla yao, amevaa kanzu safi, na alizungumza kwa sauti ya chini. "Mwalimu, watauliza. Wewe sema hii watu ni ya muda. Maji ikirudi wanaenda. Si uongo hiyo."

"Si uongo," nikasema.

"Basi. Usiongeze."

Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, vijana wenye heshima, viatu vyao vimeshaharibika kwa matope na hawakulalamika. Sina ubaya nao. Yule mwanamke alikuwa na mpango wangu umechapishwa, amepigia mistari mahali mahali. Tulizunguka uwanja kati ya maturubai. Mwenyekiti aliwaonyesha goli, akawaonyesha mahali pa vyumba vya kubadilishia nguo, akapima kwa hatua zake, hatua ndefu za mtu aliyezoea kufuata mifugo. "Hapa ukuta. Hapa mlango. Mlango inafunga kwa ndani," akawaambia, na akarudia tena, kwamba inafunga kwa ndani.

Mwanamke akafungua ukurasa. "Mwalimu, hapa kwenye matumizi ya sasa ya ardhi uliandika hakuna."

"Ndiyo."

"Na hawa?"

Nikasema, "Hawa ni wa muda. Maji yakirudi wataenda."

Nikamsikia mwenyekiti akivuta pumzi. Ingeishia hapo. Naamini kabisa ingeishia hapo, maana mwanamke alikuwa anaandika na kutikisa kichwa kwa kukubali. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, akauliza swali ambalo kamati nzima, miezi yote ile, kati ya magunia ya chumvi, haikuuliza. "Na mafuriko yakija tena, kukiwa na uzio na nyasi, mmepanga waende wapi?"

Mwenyekiti alinitazama. Najua nilichopaswa kusema. Ningesema kuna mpango wa dharura, ningesema tutashirikiana na wadau. Maneno hayo yako kidoleni mwangu, yanajiandika. Kule chini mtaroni mama yangu alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, na mjane amekaa nyuma yake juu ya ndoo iliyogeuzwa ili miguu isiguse matope. Nilichoka. Sijui niseme nini zaidi ya hilo. Watu husema ukweli kwa ujasiri. Mimi niliusema kwa uchovu.

"Hatukupanga," nikasema. "Hakuna pengine pa kwenda. Watakuja hapa hapa. Hili jibu niliandika vibaya, mahali hapa pana wenyewe."

Mwanamke alifunga kalamu yake. Alieleza taratibu, bila ukali, kwamba hawawezi kuweka uzio kwenye makimbilio ya watu, kwamba wazo si baya, tuandike upya, uwanja na makimbilio pamoja, tupate barua za ofisi zinazohusika na maafa, tulete kwenye mzunguko unaofuata. Nikamwuliza mzunguko unaofuata ni lini. Aliponiambia, sikumgeukia mwenyekiti. Wote wawili tulijua kuhesabu mpaka Ramadhani.

Niliwasindikiza garini. Niliporudi mwenyekiti alikuwa bado amesimama pale alipopima kwa hatua, kana kwamba ukuta upo na yeye yuko ndani yake.

"Ile swali ya kwanza ulijibu vizuri," akaniambia.

"Nisamehe, mzee."

"Hapana. Kweli ni kweli." Akakung'uta matope kwenye kanzu yake, hayakutoka. "Lakini mimi ningenyamaza, mwalimu. Mungu anisamehe. Ningenyamaza."

Maji yalirudi mtoni baada ya wiki kama nne. Kabla ya kuondoka, akina mama walikaa kikao chao wakapanga upya mafiga, siku mbili nzima, kwa kubishana na kukumbushana. Mjane alirudishwa karibu na tangi. Mimi nilibeba mawe nikaelekezwa pa kuyaweka, nikayaweka. Mama aliniambia nisogeze lake kidogo kushoto, kidogo tena, basi. Tulipomaliza akanishika bega ainuke, na hayo ndiyo yote tuliyosemezana kuhusu jambo hilo.

Sikupongezwa na mtu. Mama wa hoteli alijiuzulu uweka hazina, akasema ana kazi. Wasichana waliendelea na mazoezi, na leso zao, na upepo. Ramadhani ikaingia, tukapumzika kama kawaida, ikaisha, na Jumatatu baada ya sikukuu nilipiga filimbi, wakaja wote isipokuwa kipa.

Nilingoja wiki mbili kabla ya kwenda dukani. Baba yake alikuwa nje, kwenye soko la mifugo. Binti ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta, amevaa buibui, anamhesabia mtu sindano za ng'ombe. Aliponiona alitoka akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Baba hakunikataza, ticha," akasema kabla sijauliza. "Usimkasirikie. Watu wetu walimwambia muda umeisha, na yeye alikuwa ametoa ahadi."

"Simkasirikii."

"Langoni yuko nani?"

Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema huyo anaogopa mipira ya chini, nimwambie apige goti moja, asiiname. Nikasema nitamwambia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za nyumbani, "Na ule mpango umefikia wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nimeishi kwa majibu hayo. Mkobani mwangu nilikuwa na fomu mpya, ile ile ndefu, na nilikuwa nimejaza jina la kamati na jina la mji.

"Nimeanza upya," nikamwambia. "Ukurasa wa kwanza."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alitazama miguu yangu iliyovimba, akanisogezea kiti cha baba yake, akaniambia pole.